Maneno Aliyopewa Wakonyo

Machi 1949, saa nne asubuhi, gunia la viazi lilipasuka katika stesheni ya Kitale. Mwenyewe, Wakonyo, alikuwa amevaa gauni la manjano. Kijana wa kaptula ya kaki iliyonyooshwa kwa pasi aliinama kumsaidia kuokota.

"Wewe si ni dresa wa hospitali, yule wa kufunga vidonda? Utachafua hizo nguo."

"Zikichafuka utanifulia."

"Ati nikufulie! Kwani nimekuwa bibi yako lini?"

"Bado. Naitwa Mukhisa."

Kufikia Juni walikuwa wamechumbiana. Mwezi huohuo Wakonyo alimpeleka hospitalini mamake, Mwihaki, aliyekuwa na uvimbe kwenye titi. Daktari alisema kwa Kiingereza kwamba ni saratani na imeshaenea. Mwihaki alijua Kikuyu tu, na Mukhisa hakukijua. Basi Mukhisa, amesimama mlangoni, foleni nzima ikisikiliza, alifanya walivyozoea madresa wote: alimgeukia binti.

"Mwambie mama hakuna dawa. Arudi nyumbani."

Wakonyo alimwambia. Tangu siku hiyo hakuongea na Mukhisa.

Agosti Mukhisa alipelekwa Bungoma, ambako muuguzi Dinah aliwafundisha madresa kuzungumza na wagonjwa wasiotarajiwa kupona.

"Keti kwanza," Dinah alisema. "Muulize anachojua. Ukishamwambia, usiondoke. Na usimfanye mtoto wake mkalimani. Mtoto hapewi kifo cha mzazi akitangaze."

"Na kama ameshapewa?" Mukhisa aliuliza.

Dinah alimtazama. "Basi nenda ukakae na mgonjwa."

Jioni Mukhisa alijifunza Kikuyu kwa Ngari, Mkikuyu mwenye duka pale Bungoma. Aliporudi Kitale alienda nyumbani kwa Mwihaki, akaketi kando ya kitanda chake, akamuuliza anaogopa nini. Mwihaki alicheka matamshi yake, kisha akajibu: maumivu, na Wakonyo kubaki peke yake. Mukhisa alirudi kila Jumapili, na dawa ya maumivu, hadi Mwihaki alipofariki Novemba.

Baada ya mazishi Wakonyo alimsindikiza Mukhisa hadi barabarani.

"Asante. Mama alikupenda."

"Na wewe, mpenzi?"

"Nakupenda. Lakini kila nikikuona nasikia sauti ikimwambia mama hakuna dawa. Si yako, Mukhisa. Ni yangu."

"Nitangoja."

"Usingoje."

Januari Mukhisa alianza kuwafundisha madresa wapya. Somo la kwanza lilikuwa kubeba kiti hadi kitandani kwa mgonjwa. Februari, siku ya Jumamosi, Wakonyo aliolewa na Waithaka, mkulima wa Kiminini. Mukhisa alikuwa zamuni hospitalini.