Ufunguo Uko Mkononi

Nuria alizima gari, akachomoa ufunguo, na injini ikaendelea kunguruma. Alihesabu moja, mbili, tatu. Ikanyamaza.

Ilikuwa saa nne asubuhi, kwenye gereji ya Murunga, karibu na kituo cha 56, Kawangware. Gari lilikuwa la familia, la dizeli, lenye viti saba. Ndilo lililompeleka mama yake kliniki kila Jumanne. Alimweleza fundi alichosikia.

Murunga alijua. Magari ya aina ile yana magonjwa yanayofahamika: injekta huziba, cheni hulegea, turbo huvuja oili. Wiki tatu zilizopita Nuria alimwachia gari aweke turbo mpya, naye akafunga kuukuu aliyoipangusa mpaka ikang'aa. Sasa sili yake, mpira wa kuzuia oili, ilikuwa imekwisha, na oili ilipenya kwenye bomba la hewa. Injini ikianza kunywa oili yake yenyewe, haihitaji tena ufunguo.

Angeweza kusema hivyo. Alifunga boneti akacheka.

"Hii si ya spana, madam. Hii gari iko na jini."

Ni mzaha wa gereji. Mafundi husema hivyo gari likiwashinda. Nuria hakucheka. Kwao Kibera, katika nyumba za Wanubi, neno hilo halitamkwi ovyo.

Jumamosi babake, Mzee Osman, alimwita Murunga aje nyumbani alisikilize gari. Jua lilikuwa la utosi. Sella, mfanyakazi wa nyumba aliyekaa nao miaka minane, alikuwa ametoka kulifuta gari ndani. Nuria aliliwasha, akalizima, akachomoa ufunguo.

Injini haikuzima. Ilipanda, ikapanda tena, moshi mweupe ukatoka nyuma ukajaza ua na kuingia vyumbani, harufu ya oili iliyoungua ikawakaba kooni, mabati ya paa yakaanza kutetema, na Nuria akabaki amesimama katikati ya kelele hiyo ameinua ufunguo juu, ili kila mtu auone, kama mtu anayeapa.

Murunga alichomoa blanketi mbichi kwenye beseni la Sella akaziba mdomo wa hewa. Injini ilikohoa kama mtu, ikafa.

Alifungua bomba. Oili ilimwagika kiganjani. Aliifuta haraka kwa kitambaa, akakisukuma mfukoni. Sella alikuwa hatua moja nyuma yake.

Osman aliuliza kama mashine inaweza kufanya hivyo yenyewe.

"Ufunguo ulikuwa mkononi, mzee," Murunga alisema. "Wewe umeona mashine gani ikifanya hivyo?"

Ndipo likaja swali la nani aliyekuwa ndani ya gari mwisho. Nuria alilitaja jina la Sella bila kumtazama mwenyewe.

Sella aliinama karibu na fundi. "Waambie basi chenye umefuta," alinong'ona.

Murunga alikuwa akiokota spana zake. Aliziokota moja moja. Kabla ya alasiri Sella alikuwa amefukuzwa, ametoka na mkoba mmoja, kwenda kwa dadake Kawangware.

Kesho yake aliletwa Haboba Fahima, bibi anayejua kusoma dua na kufukiza ubani. Murunga naye aliitwa, kwa kuwa gari lilihitaji kusukumwa. Fahima alilizunguka na chetezo mara tatu, akasoma, akanusa, akauzima ubani.

"Hapa sasa ni chuma tu," alisema. "Hiyo jini ilikuja kwa sababu iliitwa. Nani aliitaja kwanza?"

Nuria alimtazama Murunga. Murunga akasema ulikuwa mzaha tu.

Bibi alimsogelea akamnusa shingoni, kama mtu anayenusa maziwa. Akashusha sauti. "Sema ukweli, mwanangu. Kabla haijazoea humo ndani yako."

Murunga alikwenda kulisukuma gari. Siku iliyofuata alilifungia turbo mpya bila kuambiwa, na gari likapona kabisa. Yeye ndiye aliyebadilika. Chai yake ilinuka oili iliyoungua. Ugali ulinuka oili. Kila aliponyamaza, kitu kilinguruma taratibu chini ya mbavu, hata mteja mmoja akamuuliza ni gari gani limewashwa.

Alhamisi alikwenda kwa dadake Sella. Alimwambia Sella waende pamoja kwa Mzee Osman, atawaeleza yote mbele yake.

"Kweli?" Sella aliuliza.

"Kweli."

Sella alibeba mkoba wake, kwa tumaini la kubaki huko.

Osman na Nuria walikuwa wameketi uani. Murunga alisimama mbele yao akafungua kinywa aseme turbo, sili, kitambaa, uongo, maneno aliyoyapanga njia nzima, na kile cha chini ya mbavu kikapanda, kikapanda tena, koo likajaa joto, ulimi ukasogea bila yeye kuusogeza, naye akajisikia akisema kwa utulivu na heshima:

"Mzee, nimemleta mwenyewe akiri. Nilimwona na macho yangu akizika kitu chini ya gari."

Hakuna aliyeshtuka. Ilikuwa sauti yake ya kila siku.

Sella aliangusha mkoba. Osman alikuwa ameshasimama, anawaita majirani. Murunga alitikisa kichwa kukataa, akatikisa tena kwa nguvu, machozi yakimtoka, na kinywa kikaendelea kueleza.