Sikio la Pili la Sungura

Nisameheni mapema. Kisa hiki kilimpata dada yangu, na kilistahili msimulizi mwenye sura ya majonzi. Mimi nilipewa hii ya kuchekesha. Hata msibani nikisema "poleni," kuna mtu nyuma anaziba mdomo kwa leso. Nitakiharibu tu. Vumilieni.

Dada yangu watu humwita Mama Uzi. Chumba chake cha mbele ni zahanati, ila wagonjwa wote ni midoli ya kufuma kwa kroshia: dubu waliotokwa na pamba, tembo waliokatika mikonga, na kofia za watoto zilizofumuka kingo. Masharti yake kila mteja anayajua. Maji ya vuguvugu, sabuni laini, usikamue. Mviringishe kwenye taulo, umkandamize, kisha umlaze kivulini. Ukimwanika kwa masikio, sungura atakauka akiwa punda. Bwana mmoja alimtia twiga kwenye mashine ya kufulia akatoka na kitu kama soksi. Dada alikigeuzageuza, akamuuliza kwa upole, "Shemeji, huyu ulimfua au mlipigana?"

Jumanne moja, kama Jumanne zote, alikuwa akipangusa vumbi kwenye rafu ya juu ya beseni. Hapo hukaa mdoli mmoja asiyefuliwa. Ni sungura wa kijivu, kazi ya binti yake wa pekee, ambaye nilimbandika jina la Kashoto kwa sababu kalamu, kijiko na sindano vyote alivishika kwa mkono wa kushoto. Kashoto alikuwa na miaka tisa. Ugonjwa wa kifua ulikuwa umemchukua miezi minane nyuma, akamwacha sungura na sikio moja, sindano ya kroshia ikiwa imechomekwa pale la pili lilipotakiwa kuanza. Midoli ya mji mzima dada aliifua. Huyu hakumgusisha maji, maana alikuwa bado ananukia mafuta ya nywele ya mtoto.

Akamshusha. Sikio la pili lilikuwa limeanza. Mizunguko minne.

Alinipigia simu akiamini ni utani wangu. Nikamkumbusha kwamba mimi hata kifungo cha shati hunishinda.  Kisha nikamsikia akihesabu vitanzi kwa sauti ya chini. Anayefuma kwa mkono wa kulia, vitanzi vyake hulala upande mmoja. Wa kushoto, hulala upande wa pili. Vile vililala upande wa pili. Na mtu wa mkono huo katika nyumba ile tulikuwa tumemzika.

Siku iliyofuata alifunga mlango, akaketi kumtazama sungura. Asubuhi nzima hakuna kitu. Saa nane mchana, wakati ambao Kashoto alikuwa akirudi kutoka shule, aligeuka mara moja tu kusuuza dubu wa mteja. Aliporudisha macho, mzunguko mmoja ulikuwa umeongezeka. Akaishika sindano. Ilikuwa na joto, kama kitu kilichotoka mkononi.

Hakupiga kelele. Alilia kwa furaha, na hilo ndilo lililonitisha mimi kuliko yote.

Lakini dada ni fundi, na fundi huhesabu. Sikio la kwanza lilikuwa na mizunguko ishirini na miwili. La pili likifika hapo kazi imekwisha, na mtoto aliyemaliza kazi huinuka akaenda zake. Basi akafanya jambo ambalo mama yeyote angelifanya. Akavuta uzi. Akafumua mpaka wa pili.

Kesho yake mizunguko mitatu ikaongezeka. Akafumua. Keshokutwa vilevile. Wiki ikaisha, mwezi ukaisha. Wateja walikuta mlango umefungwa, dubu wao wamelala kwenye mataulo hadi wakaota ukungu. Nikienda kumsihi ale, alinijibu kwa utulivu kwamba hana nafasi, mwanawe anakaribia kurudi kutoka shule.

Uzi ukifumuliwa mara nyingi huchoka. Ulianza kutoa manyoya, ukawa mwembamba. Na vitanzi navyo vikabadilika. Vilivyokuwa sawasawa vikaenda kombo. Vingine vikakazwa mno, vingine vikaachwa njiani.

Siku moja aliposhika uzi ili avute, ulikuwa umelowa.

Chini ya meza ya beseni mtu alikohoa. Kikohozi kidogo, kikavu. Dada alikesha nacho mwezi mzima hospitalini, asingekisahau. Hakuinama kuangalia.  Kisha ikaja sauti, ndogo, ya mtoto anayejitahidi asilie.

"Mama, mkono unaniuma."

Dada aliachia uzi.

Alikaa hapo mpaka miguu ikafa ganzi. Halafu akainuka, akajaza beseni maji ya vuguvugu, akamchukua dubu mmoja mwenye ukungu na kumpa sungura mgongo. Akaanza kuosha.

"Maliza, mwanangu," alinong'ona. "Sifumui tena."

Akasikia sindano ikigonga kucha. Tik. Tik. Aliosha. Maji yakapoa. Aliosha tu. Tik. Kisha kimya.

Alipogeuka, sikio lilikuwa kamili. Ncha ya uzi imefichwa ndani, kama alivyomfundisha. Sungura hanukii kitu. Sindano haikuonekana, na hadi leo haijaonekana. Ila kwenye taulo lililotandikwa pembeni kulikuwa na kibonyeo, pale mtu mdogo alipoegemeza kiwiko cha kushoto. Taulo hilo limefuliwa mara sita. Kibonyeo kipo.

Dada amefungua mlango tena. Juzi, akiwa anamkandamiza tembo wa watu, aliniuliza ni nini kilichomfunga mtoto mdogo vile kwenye sikio la mdoli, akashindwa kupumzika. Nikamwambia sijui.

Najua. Siku ya mwisho hospitalini, dada akiwa ametoka nje kidogo, niliingia na vichekesho vyangu, sungura akiwa kifuani pa mtoto. Nikamnyooshea Kashoto kidole, nikakunja uso. Nikamwambia, "Sikiliza wewe, hakuna kwenda popote mpaka huyu apate sikio la pili." Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaitikia kwa kichwa, kukubali.

Miaka ishirini na mitano nimesimama jukwaani, na sijawahi kupata mtu wa kuyachukulia maneno yangu kwa uzito. Nilimpata mmoja. Alikuwa na miaka tisa.