Lindo la Kapiteni Murhula

Murhula alikuwa kapiteni wa kituo cha mpakani, mashariki mwa Kongo, miaka kumi na mmoja. Siku hizi, huku Liverpool, anapanga maboksi ghalani. Ukimuuliza habari za jeshi atakwambia, "Yalipita," kisha anakunywa chai yake. Hana huzuni, hana furaha. Mkewe Kasoki husema ameolewa na kabati.

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, Kasoki alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Binti yao Bénie, wa miaka saba, aliingia kutoka nje.

"Daddy, kuna askari getini. Anauliza nani anambadilisha."

Murhula akaweka kikombe chini. Sheria ya lindo aliijua: askari uliyempanga wewe, haondoki mpaka umbadilishe wewe. Na siku walipokikimbia kituo, alimsahau askari wake Wilondja, aliyekuwa lindoni darajani. Alimkumbuka wakiwa kilomita nane mbele. Hakurudi. Hakumwambia mtu, hata Kasoki.

Akachungulia dirishani. Getini hapakuwa na mtu.

"Si yule pale!" Bénie akanong'ona.

Murhula akatoka. Moyo haukumwenda mbio, na hilo ndilo lililomtisha. Akasimama wima mbele ya geti.

"Wilondja. Umebadilishwa. Nenda."

Kitu kikashusha pumzi karibu na sikio lake. Kisha kimya. Murhula akageuka arudi ndani.

Kapiteni mzima, na akafanya kosa la kuruta! Lindo haliachwi tupu. Ukienda kumwondoa askari, unaongozana na wa kushika nafasi yake. Na yeye alikuwa amefuatwa nyuma na mtoto.

Bénie alisimama getini, visigino pamoja, macho barabarani.

"Mama, twende ndani," Murhula akamwambia binti yake.

"Hapana, mon capitaine."

Hakuna aliyewahi kumfundisha maneno hayo ya Kifaransa, ya askari kwa kapiteni wake. Akamvuta mkono. Hakusogea hata kidogo. Midomo yake ilianza kuwa ya bluu.

Hapo Murhula akalia. Miaka yote ile, ndiyo mara ya kwanza.

"Umebadilishwa," akanong'ona. "Nashika mimi."

Kasoki aliporudi alimkuta Bénie jikoni, anakula mkate.

"Papa yuko wapi?"

"Yuko kazini."

Getini kulikuwa na ndala za Murhula tu, zimetazama barabara. Polisi walitafuta wiki tatu.

Kila jioni Kasoki huziingiza ndani na kufunga mlango kwa ufunguo. Kila asubuhi huzikuta getini. Akizishika, zina joto la miguu.