Kaseti ya Marehemu Kaka

“Shika hapo hapo, usipumue!”

“Nisipopumua nitakufa, Fundi. Utaolewa na nani?”

“Kuna kinyozi mwingine mtaa wa nyuma.”

Walicheka, ila Kinyozi hakuondoa macho kwenye kazi. Mezani kulikuwa na kaseti ya gemu la zamani, imepasuliwa tumbo. Mashine yake ilingoja chini ya televisheni ya kichogo. Siku hizi watu wanacheza kwenye simu. Mashine kama hizo zimelala uvunguni zikiliwa na vumbi. Mtaani pale, Fundi peke yake ndiye aliyekuwa bado anazifufua, katikati ya pasi na redio za wateja.

“Marehemu kaka yako aliipenda sana?”

“Tulilelewa nayo. Tulipofikia pamebaki humo, na jina lake limo. Ikifa hii, nimemzika mara ya pili.”

Fundi akalainika moyo. Mwanamume anayemlilia nduguye hivi, mkewe atamtunzaje! Na harusi yao ilikuwa Jumamosi.

“Hiki kibetri cha duara ndicho kinachokumbuka,” alimweleza. “Kimechoka. Nikikitoa hivi hivi, yote yamekwenda na maji. Kwa hiyo nimeunga kingine pembeni, kishike roho mpaka kipya kiingie.”

Akalehemu taratibu, jasho likimtoka puani. Akafunika kaseti, akaipachika kwenye mashine, akawasha. Kioo kikacheza chenga, kikatulia. Muziki mwembamba ukalia, na majina mawili yakatokea.

MKASI. DOTI.

Mkasi alikuwa Kinyozi mwenyewe, ndivyo vijana walivyomwita. Na Doti mtaa mzima ulimjua: yule msusi aliyekuwa mpenzi wa Kinyozi, wakifanya kazi chumba kimoja, kabla hajamwacha akaolewa mbali.

Fundi aligeuka pole pole. Kinyozi hakuwa anamwona. Alikuwa anakitazama kioo, machozi yanamtiririka, anatabasamu kama mtoto.

“Kumbe marehemu kaka yako alikuwa anasuka nywele?”

Tabasamu likakauka.

“Fundi, ngoja nikueleze...”

“Umemfukua maiti wa watu ili mimi nikutunzie mwanamke!”

“Ningekwambia ukweli, ungeitengeneza?”

“Ningeitengeneza. Ningelia, lakini ningeitengeneza. Na ningejua ninatengeneza nini.”

“Ni mambo ya zamani, mpenzi. Yamepita.”

“Yamepita?” Fundi akamtia mkononi padi ya kuchezea. “Basi teremka hapo chini penye kufuta. Bonyeza. Jina lako libaki, lake liondoke.”

“Sasa hivi?”

“Sasa hivi, nikiona.”

Kinyozi akateremsha alama mpaka kwenye jina la Doti. Mashine ikauliza kama ana uhakika. Gumba lake likasimama juu ya kitufe. Fundi alisimama nyuma yake, kanga kaiuma kwa meno, asisikike anavyopumua.

Gumba halikushuka.

Akaiweka padi chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia.

“Nakupenda, Fundi. Haki ya Mungu nakupenda.”

“Najua. Ndiyo maana inauma.” Akazima, akaichomoa kaseti, akaifunga kwa kitambaa safi. “Chukua. Itadumu. Kazi yangu haina kinyongo.”

Kinyozi akaichukua, akatoka bila kuaga. Hakufika mbali, ujumbe wake ukaingia kwenye simu ya Fundi: “Nipe wiki moja nitafuta.”

Fundi aliusoma mara mbili. Wiki moja! Na Jumamosi ilikuwa keshokutwa. Akampigia shangazi yake.

“Shangazi, usichukue vile viti.”

“Viti vya harusi? Kulikoni?”

“Harusi haipo.”

“We mtoto! Amekupiga?”

“Hapana.”

“Ana mwanamke?”

“Hana, Shangazi. Doti ameolewa huko, wala hamkumbuki. Jina lake tu limo kwenye gemu lao la zamani, na ameshindwa kulifuta.”

“Sasa unamwonea wivu nani? Gemu la watoto? Nyumba ngapi zimesimama na mambo makubwa kuliko hayo!”

Hapo Fundi akashindwa, kilio kikamtoka kwa sauti.

“Nilimwambia abonyeze mara moja tu. Niliomba abonyeze, Shangazi. Hata kwa kunidanganya. Angebonyeza tu, ningefumba macho nikaolewa.”

Upande wa pili mlango ukafungwa. Kisha viatu vikaburuzwa haraka.

“Nakuja, mwanangu. Usikate simu. Lia tu, nakusikia.”