Pedali ya Kushoto

Kila alfajiri, mama yake Chiriku huitoa baiskeli ukumbini na kuisimamisha mlangoni. Chiriku huishika usukani isiyumbe, naye mama hulipakia sanduku la mikate kwenye keria na kulikaza kwa mipira. Kisha huondoka kuipeleka madukani mikate ikiwa bado ina joto la tanuri.

Chiriku alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Jina hilo walimpachika majirani kwa sababu ya mdomo wake. Tangu anapofumbua macho asubuhi hadi usingizi unapomchukua, maneno yalimtoka bila kituo, kama ndege wa jina hilo.

Siku hizo mama alikuwa anataabika. Pedali za baiskeli zilikuwa zimechakaa, na ya kushoto ilikuwa imevunjika kabisa, kimebaki chuma kitupu chembamba. Mguu wake uliteleza kila mara. Siku moja chuma hicho kilimchubua muundi, akarudi nyumbani akichechemea huku soksi imelowa damu.

Jumamosi mama alirudi kutoka kazini na pedali mpya zimefungwa kwenye gazeti. Aliziweka juu ya meza.

"Hizi asiziguse mtu," alisema. "Shangazi yako atakuja alasiri kuzifunga. Mimi naunyoosha mgongo kidogo."

Shangazi, dada yake baba, alikuwa fundi wa cherehani, na katika ukoo mzima hapakuwa na chombo chenye nati ambacho hakupata kukifungua. Lakini alasiri ilikuwa mbali. Chiriku alimwangalia mama alivyolala huku mguu ameupandisha juu ya mto, akaona huruma. Akawaza, vipi kama angeamka akakuta kazi imekwisha?

Akatoka nje kumwita rafiki yake wa nyumba ya pili, mvulana mnene, mpole, aliyejulikana kwa jina la Bonge. Bonge akaja na spana ya baba yake.

"Mama yako amekubali?" aliuliza.

"Atafurahi," alijibu Chiriku, jambo ambalo halikuwa jibu la swali lile.

Waliigeuza baiskeli uani, magurudumu juu. Walianza na pedali ya kulia. Chiriku aliingiza spana pale pedali inapoingia kwenye mkono wa chuma unaoishika, akavuta kinyume cha mishale ya saa, kama anavyofungua kifuniko cha chupa. Ilikaza kidogo, ikalia, ikalegea. Muda si muda pedali ilikuwa mkononi mwake.

"Kumbe kazi yenyewe ndiyo hii," alisema. "Watu wanajitia ufundi bure."

Wakahamia upande wa kushoto. Chiriku akavuta vilevile, kinyume cha mishale ya saa. Haikutikisika. Akavuta tena mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Bonge akaenda kuokota bomba la chuma nyuma ya banda la kuku, wakalivisha kwenye mpini wa spana ili liongeze nguvu.

"Sasa lala juu yake," aliagiza Chiriku.

Bonge akalala juu ya bomba kwa uzito wake wote. Pedali ikasogea kidogo sana, kisha ikang'ang'ania kuliko mwanzo. Wakajaribu tena. Safari hii spana ilichomoka, Bonge akaanguka chali vumbini, na ngumi ya Chiriku, aliyekuwa ameushika mkono wa chuma wa upande wa pili, ikagonga meno ya gia. Ngozi ya vidole ikachubuka. Alipoiangalia ile pedali, aliona kingo za chuma mahali spana inaposhika zimeanza kuliwa.

"Mimi naenda nyumbani," alisema Bonge taratibu, akijipangusa. Akachukua spana yake akaondoka.

Chiriku aliirudisha pedali ya kulia kwa vidole tu, akaisimamisha baiskeli ukutani, akaosha mkono na kuuficha mfukoni.

Shangazi alifika alasiri, sanduku la vifaa begani. Yeye na mama walikuwa mawifi wa kutaniana, hawakuwa na salamu fupi.

"Wifi, umenenepa," alisema Shangazi. "Ndiyo maana pedali imekata tamaa."

"Nanenepa kwa mikate, wifi. Wewe unakula nyuzi, utanenepa wapi?"

Walicheka, kisha Shangazi akachuchumaa kwenye baiskeli. Pedali ya kulia ilitoka mara moja, akashangaa ilivyolegea. Akaja kwenye ya kushoto. Alivuta, akapumzika, akavuta tena. Akaweka tone la mafuta ya cherehani, akasubiri, akajaribu kwa nguvu zaidi. Wapi.

"Kuna mtu aliigusa hii?" aliuliza.

Mama alimtazama binti yake. "Chiriku?"

"Hapana," alisema Chiriku. Hilo tu.

Shangazi akapangusa mikono. "Basi kutu imekula hesi, ile mizunguko ya skrubu ya ndani, chuma kimeshikana na chuma. Nikilazimisha nitavunja. Sina budi kuukata mkono wote wa chuma kwa msumeno, na mkono mwingine tuutafute wiki ijayo."

"Na mikate ya kesho?" aliuliza mama.

"Kesho na siku zinazofuata utatembea, wifi yangu."

Mama hakulalamika. Aliinama akaurekebisha ukanda wa kitambaa alioufunga kwenye muundi, kisha akasema polepole, "Basi nitabeba kichwani. Nitarudia njia, sanduku lote haliwezekani kwa mara moja."

Shangazi alikuwa ameshautoa msumeno na anapima pa kukata.  Chiriku akautoa mkono mfukoni.

"Shangazi, usikate," alisema. "Mimi niliigusa. Mimi na Bonge. Tulivuta na bomba, ikasogea kidogo halafu ikagoma."

 Mama alivitazama vile vidole vilivyochubuka, akafumba macho kidogo. Lakini Shangazi aliuweka msumeno chini.

"Mlivuta upande gani?"

Chiriku akaonyesha.

Shangazi akashusha pumzi. "Basi si kutu. Mmeikaza. Pedali ya kushoto hesi yake ni kinyume, inafunguka kwa kufuata mishale ya saa. Ingekuwa kama ya kulia, mama yako angekuwa anaifungua yeye mwenyewe kidogo kidogo kila anapoendesha, mpaka imdondokee njiani. Shika hili: baiskeli ikiwa wima na spana imeelekea juu, pedali zote mbili hufunguka ukivuta kuelekea gurudumu la nyuma."

"Sasa itatoka?"

"Iliyokazwa hulegezwa. Nichemshie maji."

Shangazi aliuviringishia mkono ule wa chuma kitambaa kilicholowa maji ya moto, akakibadilisha kila kilipopoa, akaongeza mafuta. Hakuwa na haraka. Kisha akafunika meno ya gia kwa tambara, akaivisha spana bomba lilelile aliloliokota Bonge, akamwambia Chiriku aushike mkono wa chuma wa upande wa pili. Akavuta kuelekea gurudumu la nyuma. Chuma kililia kwa sauti nyembamba, kikaachia.

"Pedali mpya ziweke wewe," alimwambia Chiriku. "Anza kwa vidole. Ikikataa kuingia kwa vidole, usiitie spana, ujue umekosea."

Chiriku alizizungusha taratibu, ya kulia kulia, ya kushoto kushoto, mpaka zikaingia zote bila kugoma, Shangazi akamalizia kuzikaza kwa spana. Mama akapanda, akazunguka uani, miguu yote miwili imetulia. Aliposhuka alimwita binti yake, akamkalisha kibarazani na kuanza kumfunga vidole.

"Kunisaidia ulitaka, hilo nimeliona," alisema mama. "Lakini kitu kikikugomea, uliza kwanza ndipo uongeze nguvu. Na hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba ulipokataa, Shangazi alikuamini. Hakuwa na sababu ya kutokuamini. Angekata chuma kizima, nami ningetembea wiki nzima na mguu huu, na sote tungesema ni kutu. Fundi hawezi kutengeneza kitu kwa habari ya uongo, mwanangu. Wala mama hawezi."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe ulipoutoa mkono mfukoni," alisema mama, akaendelea kufunga kitambaa.