Kibuyu Nilichokisingizia

"Haya maneno nani ameyaandika?"

Salome alisimama mbele ya mlango wa makumbusho na karatasi mkononi. Alikuwa ameibandua mwenyewe. Vumbi la njia ya Samuye lilikuwa limempanda hadi magotini, na hakuwa amenisalimia.

"Karatasi gani?" nikauliza, kana kwamba si mimi niliyeibandika.

"Nkwabi, usinichezee. Nisomee."

"Si umeshaisoma?"

"Nataka niisikie kwa sauti yako."

Nikasoma. "Kitu cha Wiki. Kibuyu hiki kimetoka Samuye. Ndani yake imekutwa dawa nyeusi ya unga. Wazee wanasema vibuyu vya namna hii vilitumiwa na wachawi kuitia fisi. Je, ninyi mnajua nini? Tuandikieni."

"Wazee gani hao?"

Hapo ndipo ningesema kweli yakaisha. Mimi mtu mzima wa miaka thelathini na moja, mchumba wangu kaniuliza swali jepesi, mchana kweupe. Nikasema:

"Ni maneno ya mtu mmoja wa Kanada. Alituma kwa imeli, sisi tukabandika tu."

Niwaeleze kidogo, ingawa kueleza kwenyewe kunanitia haya. Mwaka huo ulikuwa 1999. Makumbusho yetu ya Shinyanga yalikuwa nyumba ya vyumba viwili, na mvua za El Nino zilikuwa zimeezua paa lake mwaka uliotangulia. Mlango ukafungwa. Vitu vyote, ngoma, vigoda, majembe ya zamani, vikahamia stoo ya Mzee Fazal, mwenye duka la vifaa vya ofisi. Binti yake Gulnaz alikuwa na kompyuta iliyounganishwa na simu, na ni yeye aliyebuni kwamba kufungwa mlango si kufungwa mdomo. Kila Ijumaa mimi naandika habari za kitu kimoja, yeye anaituma barua pepe kwa kaka yake Toronto, kaka anawasambazia watu wa Shinyanga waliotawanyika duniani. Majibu yakirudi tunayachapa na kuyabandika mlangoni pale pale, watu wa mjini wasome.

Na walisoma. Lakini jembe lilileta majibu manne. Kigoda kikaleta matatu, moja likiwa la kaka yake Gulnaz mwenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa mtunzaji na nilitaka kuonekana nafanya kazi. Ndipo Salome, aliyekuwa akifundisha kijijini kwao Samuye, akaniletea kibuyu chenye shanga nyekundu na nyeupe shingoni.

"Nimekitoa darini kwa bibi," aliniambia siku ile. "Hajui bado. Nitamwambia."

Nilipoingiza mkono, vidole vikatoka na unga mweusi. Mimi nimezaliwa mjini, maziwa nayajua ya kwenye chupa. Nikadhani ni dawa. Ningeweza kuuliza, maana nusu ya wateja wa Mzee Fazal ni wafugaji. Sikuuliza, kwa sababu jibu la kawaida lingeniharibia barua yangu. Nikaandika nilivyotaka, Gulnaz akapiga picha, picha ikabandikwa chini ya maneno. Majibu yakaja arobaini na moja. Nilikuwa nimevimba kichwa wiki nzima.

Sasa Salome alikuwa ameikunja ile karatasi hadi ikawa ndogo kabisa.

"Ule ni mkaa," alisema. "Kibuyu cha maziwa kinasuguliwa kwa mkaa ndani ili maziwa yasinuke. Kila mtoto wa Samuye anajua. Mama alipofariki akinizaa, bibi alininyweshea humo."

"Salome, mimi sikujua."

"Na zile shanga amezitunga yeye. Watu wetu waliokuja sokoni wakaona picha, wakazitambua. Klara jirani, aliyekuwa anakuja kuomba moto kila asubuhi, tangu Jumatatu haji. Watoto wakimwona bibi wanakimbia. Juzi tumekuta karatasi mlangoni: macho mekundu, hama kabla hujahamishwa."

Wote tulijua karatasi kama hiyo ina maana gani huku kwetu. Wazee wanawake walikuwa wakikatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, eti ni ya kichawi, na wekundu wenyewe ni wa moshi wa kinyesi cha ng'ombe wanachopikia miaka yote, kuni zikiwa hazipatikani.

"Yuko wapi sasa?"

"Geita, kwa mjomba Mabula. Machimboni. Bibi Nyamizi na miaka yake sabini analala chini ya turubai." Akafuta uso kwa kiganja. "Twende kwa Gulnaz. Nataka jina la huyo mtu wa Kanada nimwandikie."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Tukaenda. Ni mwendo wa dakika kumi, na sijawahi kutembea njia ndefu kama ile.

"Huyo mtu hana mama?" Salome aliuliza njiani.

"Hana," nikajibu.

"Anakaa huko na baridi lake, anaandika upuuzi, bibi ya mtu anafukuzwa kwake. Mungu atamlipa."

"Atamlipa," nikaitikia. Kweli kabisa, niliitikia.

Gulnaz alikuwa nyuma ya kaunta akikata karatasi. Alimkaribisha Salome kwa furaha, maana alikuwa amemsikia sana kwangu.

"Dada, naomba jina la mtu wa Kanada aliyeandika habari za kibuyu," Salome alisema.

"Wa Kanada? Yule aliandika kwamba bibi yake alikuwa na kibuyu kama kile, cha maziwa. Jibu lake liliingia Jumanne. Kaka Nkwabi, hukulibandika?"

Sikuwa nimelibandika. Lilikuwa mfukoni mwa koti langu, pamoja na mengine sita yaliyosema hivyo hivyo.

"Hapana," Salome alisema polepole. "Aliyeandika haya ya wachawi na fisi."

Gulnaz akaichukua karatasi, akaikunjua, akanitazama mimi kwanza. Nilimwomba kwa macho. Alinielewa vizuri, kisha akavuta faili chini ya kaunta.

"Barua hii ilitoka hapa Ijumaa saa nne," alisema. "Hii nakala yake. Mwandiko wa mkono ni huu, mimi niliunakili tu. Dada, mimi nisikudanganye."

Salome aliujua mwandiko wangu. Ana barua zangu sanduku zima.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Njia nzima nimemtukana mtu wa Kanada. Na wewe unaitikia."

"Salome, nisikilize."

"Ulikuwa unaitikia, Nkwabi."

Akatoka. Mzee Fazal, aliyekuwa ndani akinywa chai, alikohoa na kugeuza kiti chake upande wa ukuta ili asinione. Aibu ya yule mzee kunigeuzia mgongo nalala nayo mpaka leo.

Baada ya siku tatu kondakta wa basi la Samuye aliniletea kikaratasi:

"Nkwabi. Wazee wako wasije kuposa Jumapili tuliyopanga. Siwezi kumwingiza kwenye nyumba ya bibi mtu aliyemtoa. Salome."

Nilikaa nacho nusu saa, kisha nikaenda dukani na barua ndefu ya masahihisho.

"Dada Gulnaz, tuma hii. Nimekiri kila kitu."

Akaisoma yote. "Nitatuma. Watu wa Toronto watakusamehe, wao wako mbali. Samuye nani ana kompyuta?"

"Nitaibandika mlangoni pia."

"Uongo uliubandika mlangoni ukatembea wenyewe mpaka Samuye, maana ulikuwa mtamu. Hii haina utamu wowote. Nani ataibeba?"

"Unataka nifanye nini?"

"Kaka Nkwabi, una miguu."

Nikapanda basi la Kahama, kutoka hapo nikapanda lori hadi Geita. Machimbo yale ya dhahabu yalikuwa kilima kilichotobolewa kila mahali, mashimo ambayo wenyewe wanayaita maduara, na vijana weupe kwa vumbi wakipokezana ndoo. Bibi Nyamizi nilimkuta akipika ugali wa wachimbaji nyuma ya turubai la bluu. Mama wa watu, mwenye ng'ombe zake na shamba lake la mpunga, amechuchumaa kwenye mafiga ya ugenini.

"Mwadila, mayu," nikamsalimia Kisukuma, nikipiga goti.

"Mhola. Wewe ni nani?"

"Naitwa Nkwabi. Wa Salome."

"Aa. Wa makumbusho." Akaendelea kusonga. "Umekuja kuchukua na sufuria?"

Nilitamani nitumbukie kwenye mojawapo ya yale mashimo.

"Nimekuja kuomba msamaha, bibi. Yale maneno niliyaandika mimi. Nilidanganya. Na Salome aliponiuliza nikadanganya tena."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimejitayarishia majibu mazuri ndani ya lori. Yote yakakimbia.

"Nilitaka watu wengi wanijibu."

Akaacha kusonga, akaniangalia. Macho yake yalikuwa mekundu kweli, yanachuruzika kwa moshi. "Wakakujibu?"

"Arobaini na mmoja."

"Ni wengi," alisema. Akaepua ugali. "Ng'wanawane, mwanangu, mimi msamaha wako nikiupokea hapa, nitaula na hawa wachimbaji? Mimi nataka kulala kwangu. Ulinisema mbele za watu. Nenda kanisemee mbele ya watu wale wale. Na mimi nitakuwepo, nisikie kwa masikio yangu."

"Watanipiga, bibi."

"Labda," alisema.

Jumamosi iliyofuata mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kalisti, aliitisha mkutano kwa ombi langu kwenye uwanja wa shule ya Samuye. Walikuja watu wengi kuliko nilivyoombea. Wazee walikaa kwenye vigoda vyao, wanawake kwenye kanga, wengine juu ya mawe. Salome alikuwa upande wa walimu, hakunitazama. Bibi Nyamizi alisimama peke yake pembeni na mzigo wake chini, mjomba Mabula nyuma yake. Hakuna aliyempa mahali pa kukaa.

"Sema ulichokuja kusema," Mzee Kalisti aliniambia.

Nikasema. Nilisema ule unga ni mkaa, kwamba hakuna mzee yeyote aliyeniambia habari za fisi, kwamba nilibuni mwenyewe nikiwa kwenye kiti nimekunja nne. Nikasoma majibu saba niliyoyaficha mfukoni. Nikasema pia nilivyomdanganya mchumba wangu. Watu walianza kuguna. Mzee mmoja akatema mate.

"Unajua desturi ya hapa?" Mzee Kalisti aliuliza.

"Sijui, mzee."

"Anayemvunjia heshima mtu mzima wa kijiji hiki anakaa chini, mavumbini, bila kitu cha kukalia. Hasalimiwi, hapewi maji, mpaka atokee mtu wa nyumba aliyoikosea aje akae naye. Asipotokea, jua likielekea kuzama anaondoka na harudi tena Samuye maisha yake. Kaa."

Nikakaa. Suruali yangu ya sherehe, ile niliyoinunua kwa ajili ya kwenda kwao. Jua la saa nane likinichoma utosini, watu mia mbili wakinitazama. Sikuthubutu kuangalia upande wa walimu.

Sijui ulipita muda gani. Nilichoona kwanza ni viatu vyake. Salome akavivua, akakaa mavumbini kando yangu, nafasi ya mtu mmoja katikati yetu.

"Simtetei," alisema kwa sauti ya darasani, wote wasikie. "Amenidanganya na ameniumiza, na bado nina hasira naye. Lakini kibuyu nilikitoa darini mimi, bila kumwomba bibi. Nilitaka nionekane mchumba mwenye vitu vya maana. Aibu hii tumeipika wawili."

Bibi Nyamizi alikuja taratibu hadi mbele yetu. Nilidhani atatuinua. Akatupita, akawageukia watu.

"Huyu mtoto wa mjini hakunijua," alisema. "Aliandika ujinga wake kwa sababu hajawahi kuosha kibuyu. Ninyi je? Klara, wewe wanao wote watatu nimewapokea kwa mikono hii. Kwako mna vibuyu vingapi vyenye mkaa?"

Bibi hakungoja jibu, akageukia vigoda vya wazee.

"Wewe Kalisti, maziwa ya kwangu umeyanywa miaka mingapi? Yeye alidanganya. Ninyi mliamini nini?"

Kisha Klara, mwanamke mnene wa makamo, akaitoa kanga aliyoikalia, akakaa kwenye vumbi tupu na kufunika uso. Jirani yake akafanya hivyo hivyo. Wazee wakaanza kuteremka kwenye vigoda, mmoja mmoja, wakilalamikia magoti. Mzee Kalisti alikuwa wa mwisho, akaivua kofia kwanza. Ikawa uwanja wote umekaa chini, na aliyesimama ni Bibi Nyamizi peke yake.

Alitupitia kwa macho, safu kwa safu. Nadhani alikuwa anatuhesabu.

"Haya inukeni," alisema mwishowe. "Mnisindikize nyumbani. Klara, beba huo mzigo."

Wakati watu wanajikung'uta, Salome alivaa viatu vyake bila kunishika mkono.

"Wazee wako walete Jumapili ijayo," alisema.

"Kweli, Salome?"

"Walete. Lakini kabla hawajapanda basi, uwe umewaeleza wewe mwenyewe ulichomfanyia bibi. Yote, na ya Kanada. Nitawauliza."

Niliwaeleza asubuhi ya Jumapili ile, wakiwa wameshavaa. Mama alilia. Baba alipanda basi, akakaa kiti cha mbele peke yake, na hakuniangalia njia nzima mpaka Samuye.