Adui wa Ukutani

"Sitaki tiketi," alisema yule mwanamume. "Nataka ngazi."

Nyuma yake foleni ilikuwa imelizunguka jengo la sinema mara moja na nusu. Tiketi za *Walinzi Sita* zilikuwa zimeanza kuuzwa asubuhi hiyo, na watu walikuwa wameingoja filamu hiyo miaka minne. Walikuwapo vijana waliovaa makoti ya mashujaa, akina mama waliotumwa na watoto wao, na babu mmoja aliyekuja na kiti chake mwenyewe. Na huyu, aliyevaa ovaroli yenye rangi zote isipokuwa ile iliyonunuliwa nayo, alikuwa amewapita wote akaja kuomba ngazi.

Mkata tiketi, dada mwenye kovu kwenye unyusi wa kushoto, aliinamisha kichwa, sikio la kushoto likaelekea kwenye tundu la kioo.

"Ngazi haziuzwi hapa, kaka. Na foleni inaanzia kule kwa babu."

"Mimi ndiye mchoraji wa bango. Meneja kasema ngazi iko nyuma yako."

Dada aligeuka. Ngazi ilikuwapo kweli, imeegemea ukuta, na koti lake la mvua limetundikwa juu yake.

"Na mtu wa kuishika?" aliuliza mchoraji.

"Mimi nakata tiketi, sishiki ngazi."

"Nikianguka je?"

"Ukianguka utakuwa umeshafika chini. Hutaihitaji tena."

Watu wa mbele walicheka, na mchoraji akacheka kuliko wote. Aliichukua ngazi, akamrudishia koti lake likiwa limekunjwa vizuri, akaenda zake. Baada ya hapo dada alikata tiketi mbili za siti moja, kosa ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka mitatu. Tuseme ukweli, mambo yalianzia hapo.

Bango lilikuwa la mbao kumi na mbili, kwenye ukuta mkabala na dirisha la tiketi. Fundi, kama kila mtu alivyomwita, alilichora mistari ya chaki likawa miraba mitupu, kisha akawa anahamisha picha ndogo ya kampuni mraba mmoja mmoja, leo goti la shujaa, kesho kiwiko. Namba ya simu ya dada aliiomba siku ya pili, eti kwa ajili ya dharura za ngazi. Dharura zikawa nyingi.

"Bi Dirisha," alikuwa akipiga kutoka juu ya ngazi, "huyo mteja mwenye kofia anakusumbua? Nimwagie rangi?"

"Wewe chora. Shujaa wako ana mikono mitatu."

"Huo wa tatu ni wa kukupungia wewe."

Saa nne walikunywa chai pamoja kwenye ngazi za jengo, dada kila siku akivaa blauzi iliyopigwa pasi zaidi ya jana. Kuna jambo dada aliliona akalinyamazia. Sikio lake la kulia liliharibiwa na homa utotoni, na hakuna mtu kazini aliyejua. Wateja walidhani anainamisha kichwa kwa maringo. Lakini tangu siku ya tatu, hata akimkuta amekaa pembeni kabisa ya ukuta, Fundi alizunguka akaja kukaa kushotoni kwake.

"Huyo adui wao utamchora lini?" dada aliuliza siku moja. Katikati ya mashujaa sita palikuwa na pengo.

"Kimya? Uso wake ni siri, hata kwenye matangazo hawauonyeshi. Bahasha ya kampuni ndiyo itakayosema."

Wiki ya pili meneja alimwita dada ofisini. Tajiri mwenye sinema alikuwa anafungua ukumbi mpya katika mji mwingine, safari ya siku nzima, na alimtaka yeye akawe mkuu wa tiketi. Jibu lilitakiwa siku filamu itakapofunguliwa. Wakati wa chai alimweleza Fundi, polepole, akimpa nafasi ya kumkatiza. Alitaka neno moja tu, usiende. Kwa neno hilo angebaki.

Fundi alikoroga chai yake muda mrefu.

"Nenda," alisema mwishowe. "Huko labda utapata dirisha lisilo na mchoraji mbele yake."

Dada alicheka, kwa sababu mtu akikutania unacheka. Kisha akarudi dirishani akijihisi kama aliyekanyaga kipandio kisichokuwepo.

Siku mbili baadaye turubai ambalo Fundi alikuwa amefunikia bango tangu siku ya ile chai liliondolewa. Dada alikuta watu wamesimama barabarani wakicheka, wengine wakipiga picha. Mashujaa sita, misuli mitupu, walikuwa wamegeuza nyuso kutazama katikati. Hapo katikati, mrefu kuliko wote, alisimama Kimya, adui wa ulimwengu mzima, akiwa mwanamke. Alikuwa na kovu linalokata unyusi wa kushoto. Kichwa chake kilikuwa kimeinama upande, kama anayemsikiliza mteja.

"Dada, kumbe uko kwenye filamu," mtu mmoja alisema. "Mbona hukutuambia?"

Alimkuta Fundi nyuma ya jengo akisafisha brashi.

"Umenifanya adui?"

Fundi aliinua uso.

"Adui gani?"

"Huyo mwenye kovu langu."

"Ah, huyo." Alirudi kwenye brashi iliyokwisha kutakata. "Hiyo ni sura ya kampuni. Ilikuja kwenye bahasha. Watu wanafanana duniani."

"Nionyeshe hiyo karatasi."

"Ilimwagikiwa rangi."

Dada alisimama akimtazama. Alikuja na hasira iliyopangwa vizuri, sasa hakujua aiweke wapi. Kama ni yeye, je, lilikuwa tusi? Na kama si yeye, kwa nini likamuuma zaidi? Aliondoka bila kuaga.

Jioni alimwonyesha shangazi yake picha kwenye simu. Shangazi, aliyemlea tangu mama yake afariki, aliweka pasi pembeni akavaa miwani.

"Huyu ni wewe. Au ni marehemu mama yako kakasirika."

"Anasema si mimi."

"Basi ni mwongo au ni kipofu, na vipofu hawachori."

"Labda najipendekeza tu, shangazi. Mtu aliyeniambia niende anichore mimi kwa lipi?"

"Mapenzi ni kikohozi, mwanangu, hayafichiki. Kamuulize tena."

"Nimeshauliza."

"Uliuliza kama askari. Uliza kama mtu anayetaka jibu. Mficha uchi hazai."

Hakuuliza. Alijitazama kwenye kioo, kovu lilikuwa lile lile. Akautazama ukuta kutoka dirishani, akaona pua si yake. Akatazama tena, ni yake. Wateja hawakumsaidia. Mmoja alisema ni pacha wake, mwingine akasema hafanani naye hata kidogo, yule wa ukutani ni mzuri. Maneno hayo alikwenda nayo nyumbani, hakulala vizuri. Meneja peke yake ndiye aliyefurahi, maana watu walikuja kupigwa picha na adui wakaondoka na tiketi. Ile bahasha yeye alikuwa amemkabidhi Fundi bila kuifungua.

Simu ililia mchana mmoja, Fundi akionekana kwa mbali kati ya makopo yake.

"Bi Dirisha."

"Sema."

"Watu wanasema Kimya kawa mzuri."

"Ndilo ulilopigia?"

Dada alimwona ng'ambo ya ua akibadilisha simu mkono huu hadi ule.

"Nilitaka kujua kama ngazi imerudishwa."

Dada alikata simu. Baada ya hapo hakupokea tena, na chai alikunywa ndani, amejifunika mtandio hadi kwenye nyusi.

Siku ya ufunguzi ilifika na dada bado yuko njia panda. Onyesho la kwanza lilikuwa saa nane mchana. Alipokwisha kukata tiketi ya mwisho alifunga dirisha, akaingia ukumbini kwa mlango wa nyuma, akasimama gizani. Miaka mitatu aliuza filamu bila kutazama hata moja hadi mwisho. Katika hii alitaka kumwona adui, apate kujua amefananishwa na nani.

Kimya alivaa kinyago cha bati. Alipita mjini akachukua sauti za watu, na nyuma yake masoko na shule vikabaki midomo inayofunguka bure. Mashujaa walipigana naye wakagongana wenyewe, kwa kuwa hawakuweza kuitana. Alipowashinda aliwarudishia sauti ili awaulize.

"Usiku ule nyumba ilipomwangukia binti yangu, niliwaita mara sita. Mlinisikia?"

Walikiri kwamba walisikia.

"Mbona hakuja hata mmoja?"

Kila shujaa alijibu lile lile. Alidhani mwenzake atakwenda.

Ukumbi mzima ukasahau upande wake. Watu waliokuja kumzomea Kimya walikuwa wanapangusa macho. Ndipo akavua kinyago, na chini yake alikuwa mzee mwenye kipara, ndevu nyeupe, na macho ya baba aliyechoka.

Kilio na mnong'ono vikachanganyika.

"Mbona ni mwanamume?"

"Yule dada wa ukutani yuko wapi?"

"Labda ni mkewe," alisema yule babu wa kiti. "Tulieni tuone."

Dada alishika ukuta. Kwa hiyo karatasi yenye sura haikuwepo. Kampuni haikumjua, wala watu hawafanani kiasi hicho. Maneno yote ya Fundi yalikuwa uongo, na ukuta peke yake ndio uliosema kweli. Hakujua aanze na furaha au hasira, akatoka nje na zote mbili.

Fundi alikuwa juu ya ngazi, kopo la rangi nyeupe mkononi. Chini alisimama meneja, jasho likimtoka.

"Futa huyo mwanamke, weka mzee mwenye kipara kabla ya onyesho la jioni. Watu wanataka kurudishiwa pesa za tiketi, eti wameuziwa adui mwingine." Alimwona dada. "Na wewe, jibu liko wapi? Tajiri yuko kwenye simu."

"Nipe dakika tano."

Meneja aliingia ndani akinung'unika. Ngazi ilikuwa inatikisika. Dada aliishika kwa mikono miwili, na Fundi alipoona imetulia akatazama chini.

"Kimya ana kipara," alisema dada.

"Nimeambiwa."

"Na ndevu."

"Hizo pia nimeambiwa."

"Kwenye bahasha kulikuwa na nini?"

Fundi aliingiza mkono kwenye ovaroli, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaidondosha. Haikuwa imemwagikiwa chochote. Mashujaa sita walikuwapo, na katikati mraba mweusi wenye maneno matatu, hapa acha giza.

"Na kwa nini hukuacha giza?"

"Niliacha, siku nzima. Lakini wale sita walikuwa wameshageuka kutazama pale. Nikajiuliza, ni nani ambaye watu sita wangeacha shughuli zao wamtazame? Mimi namjua mmoja tu. Nimemtazama wiki mbili kutoka juu ya ngazi hii."

"Ukaniambia si mimi."

"Ulikuja umekasirika. Na ulikuwa unaondoka."

"Wewe ndiye uliyesema niende."

"Nilitegemea utasema hutaki."

"Na mimi nilitegemea utaniambia nisiende." Aliishika ngazi kwa nguvu zaidi. "Tumekuwa kama wale mashujaa wako, kila mtu anamngoja mwenzake. Mimi nimelia wiki nzima, Fundi, na sikujua hata nalia nini."

Fundi aliuelekea ukuta. Alizoea kuongea akiwa na mzaha mkononi, na sasa hakuwa nao. Alizungumza na ule uso alioamriwa kuufuta.

"Nakupenda. Ukibaki, nabaki. Ukienda, nitakufuata, kuta haziishi duniani lakini wewe uko mmoja. Na nataka nije kwa shangazi yako nimwambie nataka kukuoa."

Fundi alisubiri, kopo likimlemea mkono.

"Umesikia?"

"Uko upande wangu wa kulia," alisema dada.

Fundi aliteremka kipandio kwa kipandio. Aliweka kopo chini, akajifuta mikono kwenye ovaroli, jambo lililoichafua zaidi, kisha akazunguka ngazi akaja kusimama kushotoni kwake.

Meneja alitoa kichwa mlangoni, simu mkononi. "Dakika tano zimekwisha. Unakwenda au huendi?"

"Mwambie tajiri nakwenda. Na mwambie asitafute mchoraji wa ukuta wa kule, nakuja naye."

"Basi njoo umwambie mwenyewe."

"Bado. Kuna mtu ananiambia jambo."

"Si ameshakuambia?" alisema meneja. "Hata mimi nimemsikia, na niko mlangoni."

"Najua," alisema dada, akainamisha kichwa upande, kama yule wa ukutani. "Mwache arudie."